Kabla Hujaweka Umeme Kichwani

Kama nyumbani kwako yuko mzee aliyepooza upande mmoja, au kijana anayehangaikia namba kwenye timu ya mpira, huenda umeshatumiwa ile video: mtu amevaa kofia yenye nyaya, anakaa dakika 20, kisha anainua mkono uliokuwa umelegea au anakimbia kuliko jana. Sauti inasema ubongo wake umeamshwa kwa umeme. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, safari ya kukitafuta kifaa hicho ni fupi. Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja na kuvuka Mtaa wa Lumumba umeshaingia Kariakoo, na Kariakoo kifaa kisichokuwapo dukani leo huagizwa kikaja.

Ushauri wangu nautanguliza ili usikupite: usikinunue, usikitengeneze mwenyewe, na usikubali kufungwa nacho na mtu ambaye si mtaalamu wa afya. Fedha hiyo, na hizo dakika 20 za kila siku, zipeleke kwenye mazoezi. Umeme huu ni jambo la kweli, lina sayansi yake, na wako watafiti makini wanaoushughulikia. Lakini ukiyasoma waliyoyaona kwa utulivu, utakuta wao wenyewe wanakurudisha kwenye mazoezi.

Umeme gani hasa?

Umeme unaozungumzwa hapa ni mdogo sana. Elektrodi mbili, kila moja ikiwa ndani ya sponji iliyoloweshwa maji ya chumvi, hufungwa kichwani, na mkondo wa miliampea 1 au 2 hupitishwa kati yake kwa dakika 10 hadi 20. Mtu hubaki macho, anaongea, na anachohisi zaidi ni mwasho kwenye ngozi. Usiuchanganye na ile tiba ya umeme inayotolewa kwa baadhi ya wagonjwa wa akili, ambayo hutumia nguvu kubwa zaidi na hufanyika hospitalini mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Wala usiuchanganye na mashine za masaji zenye vibandiko vya kubandika mgongoni au magotini, hizo nitazirudia.

Sehemu ya ubongo inayolengwa ni ukanda unaoamrisha misuli. Ukanda huo umepita juu ya kichwa kama utepe unaotoka sikio moja hadi la pili, na kila kiungo kina mahali pake. Daktari Wilder Penfield wa Montreal alisaidia kuuchora ramani katika miaka ya 1930 kwa kugusa ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji: mguu uko juu kabisa katikati, mkono uko pembeni, uso uko chini zaidi. Sponji ikisogea sentimita chache, unakuwa umelenga kiungo kingine. Sasa fikiria dada aliyesuka rasta, au mwenye nywele nene zilizopakwa mafuta. Mafuta hayapitishi umeme, na nywele zilizofumwa huizuia sponji isiguse ngozi. Mtaalamu hutumia muda mwingi kutenganisha nywele, kusafisha ngozi na kupima kama mkondo unapita sawasawa. Kofia ya kuagiza haijui lolote kati ya hayo.

Kilichothibitika, na mahali kinapokomea

Mwaka 2000, Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba dakika chache za umeme huu hubadilisha wepesi wa ubongo kuitika. Waliupima kwa mdundo wa sumaku unaofanya kidole kiruke. Baada ya umeme, mruko huo uliongezeka au kupungua, kulingana na mwelekeo wa mkondo, hadi kufikia asilimia 40. Umeme wenyewe hauilazimishi seli ya ubongo kufyatuka. Unaisogeza tu karibu na kufyatuka au mbali nako.

Mwaka 2009, Janine Reis na wenzake nchini Marekani waliwafundisha watu wenye afya zoezi gumu la kubana kifaa kwa vidole, siku 5 mfululizo. Waliopata umeme wakiwa wanafanya mazoezi waliwazidi waliopata umeme wa bandia, na tofauti hiyo ilijengeka hasa kati ya siku moja na inayofuata. Hata hivyo, hakuna aliyekaa tu akisubiri mkono wake ujifunze. Wote walirudia zoezi hilo tena na tena, na umeme ulikuja juu ya kazi hiyo. Shamba lililolainishwa bila kupandwa mbegu halioti kitu.

Kisha zikaja habari ambazo wauzaji hawazitaji. Kwanza, kuzidisha kunaweza kugeuza matokeo. Watafiti wa Göttingen waliona kwamba umeme wa dakika 13 uliuchangamsha ubongo, lakini ule ule ulipoendelea dakika 26 bila kupumzika uliuzubaisha. Pili, watu hatufanani: vipimo vya watu wengi vimeonyesha kwamba takriban nusu tu ndio huitika kwa namna inayotarajiwa. Tatu, fuvu ni kikwazo kikubwa. Timu ya Hungaria na Marekani, akiwemo György Buzsáki, ilipima vichwa vya maiti na kuchapisha mwaka 2018 kwamba takriban robo tatu ya umeme unaowekwa juu ya ngozi hupotelea kwenye ngozi, nyama na mfupa kabla ya kuufikia ubongo.

Ndiyo maana tafiti zinapingana. Moja inaona waendesha baiskeli wanachelewa kuchoka, nyingine inafanya jaribio linalokaribiana na hilo na haioni kitu. Nyingi zilihusisha watu wachache, kumi au ishirini. Ukisikia takwimu ya kuvutia kutoka katika jaribio la watu kumi na wawili, ipokee kama fununu inayosubiri kuthibitishwa.

Kwa kijana wa mpira na mbio

Mwaka 2016 kampuni ya Halo Neuroscience ya San Francisco ilianza kuuza kifaa chenye umbo la vipokea sauti, Halo Sport, kwa ajili ya wanamichezo. Kilivaliwa dakika 20 kabla ya mazoezi, na baadhi ya wanamichezo wa kiwango cha Olimpiki walikijaribu. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilinunuliwa na Flow Neuroscience ya Sweden, ambayo shughuli yake ni tiba ya sonona. Kama kifaa kile kingekuwa kinatengeneza mabingwa kwa uhakika, kila klabu yenye fedha duniani ingekuwa inakigombania hadi leo.

Naelewa kishawishi kinatoka wapi. Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Alimaliza marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros. Waliachana kwa sekunde 0.03. Kijana anayeona ushindi wa kilomita 42 ukiamuliwa na sehemu ndogo kama hiyo ya sekunde, lazima ajiulize hicho kidogo cha ziada atakipata wapi.

Mimi namjibu hivi: kiko mahali pa bei nafuu kuliko kofia ya umeme. Kipo kwanza kwenye usingizi. Ujuzi wa mwili hukomaa baada ya mazoezi kwisha, na usingizi ni sehemu kubwa ya ukomavu huo. Kijana anayepiga mipira ya adhabu jioni kisha akakesha na simu hadi saa tisa usiku anaivunja kazi aliyoijenga. Kipo pia kwenye kugawa mazoezi: mipira 30 kila siku kwa siku tano hukaa mwilini vizuri zaidi kuliko mipira 150 ya Jumamosi moja.

Halafu kuna dakika 20 nyingine ambazo zimethibitishwa vizuri zaidi. Ni utaratibu wa kupasha mwili moto unaoitwa FIFA 11+: kukimbia taratibu, mazoezi ya nguvu ya miguu na kiuno, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limeelekea sawa na vidole vya mguu, kisha mbio fupi zenye kugeuka. Ulipojaribiwa Norway kwa wasichana wanaocheza mpira, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Kocha wa timu ya mtaani anaweza kuufundisha kesho asubuhi pale Kidongo Chekundu bila kununua chochote zaidi ya mpira alionao. Mchezaji asiyeumia anafanya mazoezi msimu mzima, na faida ya kufanya mazoezi msimu mzima hakuna kifaa kinachoifikia.

Kwa mabondia nina neno la peke yake. Kama umewahi kuzimika ulingoni au unaumwa kichwa mara kwa mara baada ya mapambano, usithubutu kujaribu umeme wowote kichwani. Ubongo uliopigwa unahitaji daktari na mapumziko.

Kwa aliyepooza na wanaomuuguza

Hapa ndipo jambo lenyewe linapotugusa zaidi wakazi wa mjini. Kati ya mwaka 2003 na 2006, mradi ulioongozwa na Richard Walker na wenzake ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika maeneo mawili ya Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Umri wa watu uliposawazishwa, Hai, Kilimanjaro, kulikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa 315.9, karibu mara tatu. Presha isiyotibiwa ni miongoni mwa vyanzo vikuu. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kuhusu kiharusi ni kupima presha kabla hakijaja, na kumeza dawa kila siku hata unapojisikia mzima. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakikorogeka, twende hospitali muda huohuo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapofaa na inapopatikana, ina kikomo cha saa chache tu tangu dalili zianze. Mafuta ya kuchua na maombi vinaweza kuendelea mgonjwa akiwa tayari yuko mikononi mwa daktari.

Na umeme kichwani kwa mgonjwa wa kiharusi? Majaribio yamefanyika mengi. Yakijumlishwa, yanaonyesha dalili kwamba unaweza kuwasaidia baadhi katika shughuli za kila siku, ila faida kwa nguvu ya mkono haijasimama imara. Na katika majaribio mengi mgonjwa alikuwa pia anafanya mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia. Ukiondoa mtaalamu na mazoezi, unabaki na sponji zenye maji ya chumvi.

Basi tuongelee mazoezi yenyewe. Mwaka 2009, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Catherine Lang walikaa kwenye vyumba vya mazoezi wakihesabu. Waligundua kwamba katika kipindi kimoja mgonjwa alirudia kitendo cha maana cha mkono wastani wa mara 32 tu. Wanyama wa maabara, ambao ubongo wao ulionekana kujipanga upya baada ya kuumia, walikuwa wakirudia mamia ya mara kwa siku. Pengo hilo ndilo familia inaweza kulijaza nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna muda na kuna kazi za mikono.

Siku ya kwanza usimlazimishe mgonjwa. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015, la wagonjwa zaidi ya 2,000, lilionyesha kwamba kuwasimamisha mapema mno na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za mwanzo kuliharibu badala ya kusaidia. Msubiri daktari aseme tayari. Baada ya hapo, vipindi vifupi mara nyingi kwa siku vinafaa kuliko kimoja kirefu kinachomchosha.

Chagua kazi ambayo mkono wake unaifahamu. Mama aliyeuza khanga Mtaa wa Uhuru kwa miaka mingi, mpe khanga azikunje. Mkono dhaifu ushike pindo, uvute, ulaze, usawazishe. Mwanawe akae kando ahesabu naye.

"Mama, tumefika ngapi?"

"Ishirini na mbili, mwanangu."

"Tupumzike, kisha tumalizie thelathini."

Andika hesabu ya kila siku kwenye daftari. Mgonjwa anayeona 30 ya juzi imekuwa 60 leo hahitaji kubembelezwa sana kesho. Asiye na khanga anaweza kubandua vibanio vya nguo kwenye kamba, kuhamisha maharage kutoka bakuli hadi bakuli, au kufunga na kufungua vifungo vya shati lililolazwa mezani.

Kwa mwenye mkono ambao tayari unajongea kidogo, kuna njia ya kuuzuia mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2006 utafiti mkubwa wa Marekani wa wagonjwa 222 ulionyesha maendeleo ya wazi baada ya wiki mbili za kuvaa glavu mkono mzima sehemu kubwa ya siku, pamoja na mazoezi mengi. Nyumbani fanya kwa saa chache ukiwa umeongea na mtaalamu, na glavu ivuliwe kabla ya kukaribia jiko, ngazi, bafu au barabara.

Kwa mwenye mkono ambao bado haujajongea kabisa, nunua kioo. Njia hii imejaribiwa katika nchi nyingi na matokeo yake yakijumlishwa ni mazuri. Tafuta kioo cha kutosha kuakisi mkono mzima hadi kiwiko, na kingo zake zifungwe plasta zisikate. Mgonjwa akae mezani. Kioo kisimamishwe katikati ya kifua chake kama ukuta, upande unaoakisi ukitazama mkono mzima. Mkono dhaifu ukae nyuma ya kioo, usionekane. Vua pete, saa na bangili za mkono mzima, kwa sababu macho yakiona pete ambayo haipo kwenye mkono wa pili hayadanganyiki. Sasa afungue na kufunga vidole vya mkono mzima polepole, akitazama kiooni, na ajitahidi kuusogeza ule uliofichwa kwa wakati huohuo. Ataona mikono miwili ikifanya kazi. Fanyeni dakika 15 hadi 30, siku tano kwa wiki, redio ikiwa imezimwa. Hiki nacho ni kichocheo cha ubongo, na kinapita kwenye macho yake.

Kwa mguu, zoezi kuu ni kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa tena. Anza na kiti kirefu, msaidizi asimame upande dhaifu. Na nasisitiza kwa wanaouguza: usimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Misuli ya bega imelegea. Ukivuta, bega linaweza kuteguka na maumivu yake yakamkatisha tamaa ya mazoezi kwa miezi. Mshike kiunoni, au umfunge khanga imara kiunoni uishike hiyo.

Zile mashine za vibandiko

Mashine ndogo za masaji zenye vibandiko zinapeleka umeme kwenye ngozi na misuli. Wako wanaopata nafuu ya maumivu kwa muda. Lakini usizibandike kichwani, usoni wala mbele ya shingo, na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiziguse kabisa. Mtu akikuambia kwamba mashine hiyo hiyo, ikihamishwa kutoka kiunoni hadi kwenye paji la uso, inatibu kiharusi, muage kwa adabu uondoke. Mkondo wake haukupangwa kwa ajili ya ubongo. Umeme kwenye misuli una nafasi yake halali, kwa mfano kuinua wayo unaoburuzika wakati wa kutembea, na mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayejua pa kuuweka.

Vijana mafundi, mnaoweza kuunganisha betri ya volti 9 na waya mbili: najua mnaweza, na nawaomba msifanye. Sponji ikikauka upande mmoja, umeme wote hukusanyika mahali padogo na kuunguza ngozi. Mwaka 2016 watafiti kadhaa wa umeme wa ubongo, watu wanaoupenda na kuufanyia kazi, waliandika barua ya wazi kuwaonya wanaojifanyia nyumbani. Walisema kwamba kunufaisha uwezo mmoja kunaweza kudhoofisha mwingine, na kwamba mabadiliko mengine yanaweza kudumu bila kutarajiwa.

Ukialikwa kwenye utafiti

Inawezekana siku moja hospitali au chuo kikuu kikamwalika ndugu yako kwenye utafiti wa umeme huu. Usikatae kwa woga, uliza. Je, utafiti una kibali cha maadili, kama kile kinachotolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu? Je, kifaa kinatambuliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba? Nani ataweka elektrodi, na daktari gani atakuwepo? Mazoezi gani yatafanyika pamoja na umeme? Mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida? Utafiti wa kweli utakujibu yote kwa maandishi, na hautakudai ada ya kushiriki.

Mwenye kifafa, mwenye chuma au kifaa kilichopandikizwa kichwani, mwenye kifaa cha mapigo ya moyo, mjamzito, mwenye kidonda kwenye ngozi ya kichwa, aseme mapema. Mtoto asiwekwe umeme nje ya uangalizi wa hospitali, hata kama aliyekushauri anamhurumia kwa dhati.

Familia yenye mgonjwa haina fedha za kupoteza, na wiki za mwanzo baada ya kiharusi ni za thamani kuliko fedha, kwa kuwa ndipo ubongo unapojipanga upya kwa kasi zaidi. Wiki hizo zikipita mkimsubiri mtu alete kofia kutoka ng'ambo, mgonjwa amezikosa. Kwa hiyo kesho asubuhi mpelekeni apimwe presha, mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia awaonyeshe mazoezi matatu yanayomfaa, na mkirudi pitieni dukani mnunue daftari na kioo. Jioni hiyohiyo andikeni hesabu ya kwanza.